Kasa Wasiokimbia

Kipimio kilichokuwa mkononi mwa Shufaa kilitetema mara mbili, naye akajua kwamba hapo walipo palikuwa na vitulizo viwili. Kimoja kilikuwa chake mwenyewe, chini ya ngozi nyuma ya sikio la kushoto, kidogo kama punje ya mchele. Akageuka kutafuta mwenye cha pili. Walikuwa watu watatu tu. Arafa, binti yake, alikuwa amekataa kuwekewa tangu siku ya kwanza. Bwana wa mapokezi, Idarusi, alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake na kipimio kilikuwa kimempita bila kusema lolote. Aliyebaki alikuwa kasa ndani ya bwawa.

"Mshike tu," Idarusi alikuwa akimwambia Arafa. "Hata shingoni ukitaka. Hana shida huyu."

Arafa alipiga magoti ukingoni, akakunja mkono wa gauni lake, akaweka kiganja juu ya gamba. Kasa hakushtuka. Alikuwa mkubwa, upana wa meza ya kulia watu wanne, na alipoguswa aligeuza tu kichwa polepole akamtazama msichana kwa jicho jeusi lenye maji. Arafa akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha kujisahau, na Shufaa akahesabu kwamba hajakisikia tangu mumewe, Ngwali, alipofariki. Alijua kwamba kicheko kile kilipaswa kumgusa mahali fulani ndani. Akasubiri kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua haina watu, kisha akaendelea na alichokuwa akikifanya.

Alikuwa akiangalia gamba. Upande wa kulia, karibu na mkia, palikuwa na mistari mitatu iliyokatwa sambamba, mirefu kama kiganja, iliyopona vibaya. Alama za rafadha ya boti.

"Hawa ni wa porini?" akauliza.

"Wa porini kabisa, mama. Huyu tumemleta jana kwa ajili ya wageni kuonja. Kesho anarudi baharini kwa wenzake. Wapo arobaini na moja kwenye ghuba yetu. Mkiingia majini kesho, hawaondoki. Ndiyo maana sisi Kasa Karibu tunakupa hakika. Usipomwona kasa kwa karibu, safari yako ni bure."

"Na kwa nini hawaondoki?"

Idarusi alitabasamu. Alikuwa mtu mpole, na ilionekana wazi kwamba kazi yake aliipenda. "Wameshatuzoea," akasema.

Shufaa alitazama kipimio. Kiliandika namba ya kitulizo cha kasa yule, tarehe kilipotengenezwa, na kiwango chake: tisa. Tisa ndicho kiwango cha mwisho. Kwenye kliniki ya Tanga alikofanya kazi kama fundi wa vitulizo, alikuwa amempa mtu kiwango cha tisa mara tatu tu katika miaka kumi na miwili. Mmoja wa hao watatu alikuwa yeye mwenyewe.

Tarakimu za mwanzo za namba ile alizitambua pia. Ni toleo la zamani, lile waliloliondoa hospitalini miaka minne iliyopita wakaambiwa litaharibiwa. Halikuharibiwa. Mtu alikuwa ameliuza.

"Mama, hebu njoo umguse," Arafa akasema bila kugeuka.

Shufaa akainama, akagusa. Gamba lilikuwa la baridi na lenye utelezi.

"Ni mzuri," akasema, kwa sababu ndivyo inavyosemwa.

*

Walifikia nyumba ya wageni iliyo juu ya kilima, upande ambao Kisiwa cha Kifuni hakijaliwa na maji. Mchana ule joto lilikuwa limefika mahali ambapo hata kunguru walikuwa wamenyamaza. Arafa alikaa barazani akiwa na sahani ya mihogo ya nazi magotini, akisoma kwa sauti maelezo ya Kasa Karibu kwenye simu yake: saa mbili majini, kupiga picha, kumkumbatia kasa, chakula baadaye.

Safari yenyewe ilikuwa ni ahadi ya Ngwali. Alikuwa amemwambia Arafa kwamba akimaliza masomo ya sekondari, wote watatu wataenda kuona kasa wa kweli, kabla hawajaisha. Arafa alimaliza. Wiki mbili kabla ya matokeo, kipande cha ukuta wa bahari ambacho Ngwali alikuwa akikikagua kilianguka, na yeye akiwa chini yake. Sasa Arafa alikuwa na miaka kumi na tisa, chuo kinaanza wiki ijayo, na walikuwa na siku moja tu kisiwani. Kivuko cha kurudi kilikuwa keshokutwa alfajiri.

"Tuwajibu kabla ya saa kumi," Arafa akasema. "Nafasi zinajaa."

"Tusiende na wale."

Arafa akaweka simu chini. "Kwa nini?"

Shufaa alimweleza kama anavyowaeleza wagonjwa. Kitulizo kinasikiliza ile sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari. Kengele inapoanza tu, kinatuma mkondo mdogo wa umeme unaoizima kabla haijaenea. Mtu hasahau kitu. Akili yake inafanya kazi sawasawa, anajua kwamba moto unaunguza na kwamba mumewe amekufa. Ila kule kujua hakumfiki mwilini. Kilitengenezwa baada ya mafuriko makubwa kwa ajili ya watu walioshindwa kula na kulala, na sheria inasema kisikae zaidi ya siku tisini. Sasa mtu amekiweka kwa kasa, ili wasiwakimbie watalii.

"Lakini hakiwaumizi," Arafa akasema.

"Hakiwaumizi. Uliona mikato kwenye gamba?"

"Niliiona."

"Kasa akisikia injini huzama. Yule hakuzama. Alisikia, akabaki pale pale mpaka rafadha ikampata. Na ikija tena atabaki pale pale."

Arafa alichukua kipande cha muhogo, akakirudisha kwenye sahani. Kisha akasema, bila ukali wowote, kama anayeeleza hali ya hewa, "Kwa hiyo wamemfanya kama wewe."

Shufaa alifikiri juu ya jambo hilo. "Ndiyo," akasema.

"Umekaa nacho siku ngapi, Mama?"

"Mia mbili na arobaini."

"Na sheria ni tisini."

"Mimi ndiye ninayesaini."

Arafa alitazama kando. Machozi yalimtoka, akayaacha yatiririke. Alikuwa amezoea kulia peke yake katika nyumba ile ya Tanga, ambako mama yake alipita na beseni la nguo akimuuliza kama ameshakula. Mara ya kwanza alipolia mbele yake, Shufaa alimletea glasi ya maji. Mara ya pili pia. Baada ya hapo Arafa akaanza kulia chumbani.

"Usiku ule Baba alipoletwa," Arafa akasema, "nilikutafuta. Nilikukuta jikoni unapanga vikombe. Nilidhani ni mshtuko, utapita. Nimesubiri mpaka nimechoka."

Shufaa alijua sentensi kadhaa zinazofaa kujibia maneno kama hayo. Alikuwa amezifundisha kwa mafundi wapya. Hakusema hata moja.

"Nitafute watu wengine wa kutupeleka?" akauliza.

"Tafuta," Arafa akasema, akajifuta uso kwa kitambaa cha sahani.

*

Mwenye nyumba aliwaelekeza kwa Siwema Kibwana, kule chini karibu na gati dogo. Alikuwa nahodha, mwanamke wa miaka kama arobaini, mabega mapana, kanga ameifunga juu ya suti ya kuogelea. Walimkuta amelala chali chini ya boti yake ya umeme akikwangua chaza walioganda. Arafa akamwamkia. Siwema akaitikia marahaba kutoka kule chini, akatoka, akawakaribisha wakae juu ya madebe.

"Ulizeni," akasema. "Mgeni mwenye akili huuliza kwanza."

Shufaa akauliza. Anachukua watu wangapi? Sita, hazidi. Nanga anatia wapi? Hatii nanga kwenye matumbawe. Yapo maboya ya kudumu, boti inafungwa hapo. Akiwaona kasa anafanya nini? Anazima injini mbali, watu wanaogelea wenyewe, na hakuna kumkaribia kasa chini ya mita tano. Hakuna kumgusa, kumfukuza, wala kumkatia njia anapopanda kuvuta pumzi. Mafuta ya kujikinga na jua yanaachwa nchi kavu, mtu anavaa nguo ya mikono mirefu. Chakula hawarushiwi. Kasa akiondoka, ameondoka, hafuatwi.

"Na uhakika wa kumwona?" Arafa akauliza.

"Sina," Siwema akasema. "Wiki iliyopita nilikwenda siku tano, tukaona siku mbili. Wa porini wamebaki wachache, na wale waliobaki wana akili. Wakituona wanakwenda zao. Nisikudanganye, mdogo wangu. Unaweza kutoka huko umeona nyasi za bahari na mgongo wa mwenzako basi."

Arafa alimtazama mama yake. Ilikuwa ndiyo siku moja waliyonayo. Kule kwa Idarusi kulikuwa na kasa arobaini na moja wanaosubiri kukumbatiwa, na ahadi ya marehemu ilikuwa ni kuona, haikusema lolote kuhusu vitulizo.

"Baba aliwahi kuogelea nao," Arafa akamwambia Siwema. "Utotoni, kwao Pemba. Alisema alimfuata mmoja mpaka pumzi ikamwishia, na yule kasa hakugeuka hata kidogo kumtazama. Alikuwa akicheka kila akisimulia." Akainuka kwenye debe. "Tutakwenda na wewe."

"Vizuri. Sasa na mimi niwaulize. Kuna mwenye kitulizo?"

"Mimi," Shufaa akasema.

Siwema alitikisa kichwa, si kwa dharau. "Basi utakaa botini. Majini hapana. Mwaka juzi nilimchukua bwana mmoja aliyekuwa nacho. Alizama kuangalia pango, pumzi ikaisha, na hakuona sababu ya kupanda. Hakuwa mjinga, alijua. Ila kujua peke yake hakukumtosha. Nilimtoa mwenyewe, akiwa hai, lakini sitaki tena."

"Nitakaa botini," Shufaa akasema.

Walipokuwa wakipanda kilima, Arafa alimuuliza kama hawezi kukizima, walau kwa siku moja ile, wakaingia majini pamoja. Shufaa akamweleza kwamba kitulizo kinashushwa ngazi moja kwa siku. Kutoka tisa mpaka sifuri ni siku tisa, na mtu lazima awe na mwangalizi. Kukizima ghafla kumekatazwa.

"Ungekuwa na siku tisa, ungekishusha?"

Shufaa alipanda hatua kadhaa kabla ya kujibu. "Sioni sababu ya kukishusha," akasema. "Na hiyo ndiyo kazi yake."

*

Waliondoka saa mbili asubuhi, bahari imetulia. Mbali ya Arafa na Shufaa walikuwemo mke na mume wazee kutoka Dodoma, Bwana na Bi Chilewa, walimu wastaafu, ambao Siwema aliwafungia maboya ya kifuani yeye mwenyewe na kuwajaribu katika maji ya kina kifupi kabla ya kuwakubali. Kwenye boya la mwamba wa pili alizima injini. Akawaonyesha jinsi ya kutema mate kwenye miwani ili isiingie ukungu, jinsi ya kuuma mrija wa kupumulia bila kuukaza, na namna ya kuelea bila kupiga miguu. "Ukipiga miguu unavunja tumbawe lililoota miaka mia," akasema, "na kasa anakusikia kabla hajakuona."

Shufaa alibaki botini. Aliona migongo mitatu na mirija mitatu, na kichwa cha Siwema kikizunguka kuwahesabu. Kwa saa nzima hawakuona kitu. Bi Chilewa alirudi kupumzika, akasema ameona samaki wa njano, akashukuru Mungu. Arafa hakurudi.

Kisha mkono wa Siwema ukanyooka juu, kiganja wazi, kumaanisha tulieni. Mita kama thelathini mbele kichwa kidogo kilitoka majini, kikavuta pumzi kwa sauti kama ya mtu aliyechoka, kikarudi chini. Kipimio cha Shufaa kilinyamaza. Kasa yule hakuwa na kitu.

Arafa aliona yote kwa chini. Alimsimulia mama yake baadaye, maji yakimchuruzika, meno yakigongana kwa baridi na furaha. Kasa alikuwa akila nyasi, akizing'oa kwa mdomo kama ng'ombe. Arafa alielea juu yake, mbali, hakusogea. Yule kasa akanyanyua kichwa. Wakatazamana. "Nilimwona ananiona, Mama. Alisimama kabisa. Halafu akageuka mara moja, yaani sikuwahi kujua wana kasi ile, alipiga mapezi mara mbili tu akawa hayupo. Aliniogopa. Mimi, jamani." Alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, na Bi Chilewa naye akacheka, akamfunika kwa taulo. "Baba alisema kweli."

Shufaa alitabasamu. Alijua misuli ipi hutumika.

*

Njia ya kurudi hupita kwenye mlango wa bahari kati ya kisiwa na fungu la mchanga, mwembamba, kina chake kimechimbwa kwa ajili ya vivuko vya kasi. Walikuwa wameufikia kipimio kilipotetema. Siwema naye aliona, akapunguza mwendo.

Kasa alikuwa akielea katikati ya mlango, gamba nje, amelala kama ubao. Alikuwa mmoja wa wale arobaini na moja, ametoka kwenye ghuba yao kwa mkondo.

"Mpuuzi wewe, ondoka hapo," Siwema akasema polepole, kisha akatazama kaskazini. Kivuko cha saa nne kilikuwa kimeshaonekana, cheupe, kimejiinua juu ya maji. Vivuko vile havina nahodha ndani. Hujiendesha, na mtu mmoja aliyeko bara huviangalia kumi kwa pamoja. Huona boti na maboya, lakini havioni kasa. Siwema alishika redio akaita. Sauti ya mbali ikamjibu kwamba amri ya kusimama imetumwa, ila mlango ni mwembamba na kivuko kina watu mia mbili, hakiwezi kusimama ghafla wala kupinda.

Siwema alipiga honi. Akapiga tena. Kasa hakutikisika.

Hapo ndipo Arafa alipojitupa majini.

Aliruka kabla hajashikwa, bila boya, akaogelea mpaka kwa kasa akaanza kumsukuma kwa mabega. Kasa alikuwa na uzito wa watu wawili. Aligeuza kichwa akamtazama msichana kwa upole, akabaki pale pale. Bi Chilewa alipiga ukelele. Siwema aligeuza boti akimwita Arafa kwa jina, sauti imempasuka.

Shufaa alikuwa amekaa. Aliona kivuko, akakadiria umbali wake, mita mia saba hivi na kinapungua mwendo, yaani chini ya dakika moja. Aliona kichwa cha mwanawe, kidogo, cheusi, juu ya maji ya buluu. Moyo wake ulikuwa ukipiga kama wa mtu anayesubiri chai. Alielewa kabisa kile alichokuwa akikitazama.

Aliona pia kitu kimoja ambacho wengine hawakukiona: kwamba Arafa hatamwacha yule kasa, na kwamba njia fupi ya kumtoa Arafa ni kumtoa kasa.

"Nisogeze karibu, mita kumi," akamwambia Siwema. "Kipimio kinatambua kwa mbali, ila amri yake haifiki mbali kwenye maji."

Siwema alimtazama usoni, akashangazwa na alichokiona au na alichokikosa, akasogeza.

Kipimio kikashika. Shufaa aliingiza ufunguo wake wa kazi, akachagua kuzima. Maandishi mekundu yakatokea: kuzima ghafla ni kosa, tendo hili litaandikwa kwa jina la fundi, leseni yake itasimamishwa. Je, aendelee? Hakujua kasa atafanya nini. Hakuna mtu aliyewahi kujaribu. Huenda akafa kwa mshtuko. Huenda akamng'ata binti yake. Alipima hayo yote kwa muda wa pumzi moja, akabonyeza ndiyo.

Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha mwili wote wa kasa ukaruka kama uliopigwa na radi. Pezi la mbele likampiga Arafa usoni, maji yakapanda juu kama jiwe limeangushwa, na pale alipokuwa amelala kasa pakabaki povu. Kivuli kikapita chini ya boti kikielekea kwenye kina, kwa kasi ambayo Shufaa hakuitarajia kwa mnyama mnene namna ile.

Siwema alimshika Arafa kwapani akamtupa ndani kama samaki, akaisukuma boti hadi ukingo wa mchanga. Kivuko kikapita. Mawimbi yake yaliwainua, yakawashusha, mara nne, mara tano, kila moja dogo kuliko lililotangulia.

*

Waliifunga boti kwenye gati dogo. Bwana Chilewa alikuwa amemshika mkewe, ambaye hakuweza kuacha kutetemeka. Siwema alimgombeza Arafa kwa maneno makali, kisha akamkumbatia, kisha akamgombeza tena huku akimkandamiza kitambaa kwenye nyusi iliyochanika. Midomo ya Arafa ilikuwa imepauka.

Simu ya Shufaa ilikuwa imeshaleta ujumbe: leseni imesimamishwa, afike kujieleza ndani ya siku saba. Aliusoma mara moja. Kisha akamhamishia Siwema kumbukumbu zote za kipimio, namba ya kitulizo cha kasa wa bwawani na cha yule wa mlangoni, tarehe, toleo, na barua ya miaka minne iliyopita iliyosema vitulizo vile vimeharibiwa.

"Peleka ofisi ya hifadhi," akasema. "Waambie kasa waliobaki wasizimwe kama nilivyofanya mimi. Washushwe pole pole, ngazi moja kwa siku, mahali pasipo boti. Nitakuja kuonyesha namna wakiniita. Na wakiuliza nani alisema, taja jina langu."

"Utapoteza kazi."

"Ndiyo."

Arafa alikuwa akimtazama kutoka kwenye ukingo wa gati, taulo mabegani, damu imeanza kukauka shavuni. "Mama," akasema. "Nilipokuwa kule. Uliogopa?"

Shufaa angeweza kudanganya, na lingekuwa jambo la huruma. Lakini binti yake alikuwa ametoka kutazamana na kasa aliyemkimbia, na Shufaa aliona, kwa akili tu, kwamba hakustahili kupewa jibu la uongo, kama kasa wa bwawani.

"Hapana," akasema.

Arafa aliitikia kwa kichwa. Hakulia. Aligeukia baharini kama mtu aliyepokea jibu la mtihani alilokuwa akilijua.

Shufaa alimtazama mgongo ule mwembamba kwa muda. Haikuwa huzuni iliyomsukuma, wala majuto. Hakuwa na hayo. Ilikuwa ni hesabu. Mwanawe alikuwa amekaribia kufa mbele yake, naye alikuwa amepiga hesabu ya mita. Alijaribu kutafuta pembe ambayo jambo hilo lingeonekana sawa, akaizunguka yote, hakuipata.

Akageuza kipimio kukielekeza kwake mwenyewe.

"Usifanye hivyo," Siwema akasema, akisogea. "Si ulisema siku tisa?"

"Kaa hapa karibu nami. Nikianguka nilaze ubavu. Usinipe maji mpaka nimeweza kuzungumza."

Aliingiza ufunguo. Leseni ilikuwa imesimamishwa kwa wengine, lakini kwa kitulizo chake mwenyewe alikuwa bado ni mgonjwa, na mgonjwa ana haki ya kukataa tiba. Akabonyeza ndiyo.

Kwa dakika nzima hapakuwa na kitu. Jua liliwaka. Maji yaligonga nguzo za gati. Alianza kufikiri kwamba pengine amekikalia muda mrefu mno, kwamba ndani ya nyumba ile aliyokuwa akiibishia hodi hapakubaki mtu.

Kisha akakiona kivuko.

Hakikuwepo, kilikuwa kimeshafika bandarini zamani, lakini alikiona kikija, cheupe, kimejiinua, na kichwa kidogo cheusi mbele yake. Akaanguka juu ya mbao. Akafungua mdomo, sauti iliyotoka hakuitambua. Alitambaa juu ya mbao za gati, Siwema akijaribu kumshika, mpaka akamfikia Arafa, akamkamata kifundo cha mguu, kisha nguo, kisha mwili mzima, akamvuta kutoka ukingoni kwa nguvu zilizowaangusha wote wawili chini.

"Toka majini," alikuwa akisema. "Arafa, toka, toka, kinakuja, toka majini."

"Nimeshatoka, Mama," Arafa akasema. "Niko hapa. Nimeshatoka."

Shufaa hakumwachia. Alikuwa akitetemeka kiasi kwamba mbao zilisikika, kucha zake zimezama mgongoni mwa mwanawe, na nyuma ya hofu ile, bado mbali, alianza kusikia ukuta wa bahari ukimwangukia Ngwali.